Firigisi Moja na Pedi Nne za Breki

Nakijwa alikuwa amemaliza kunyonyoa bawa moja la kuku, na maji ya moto yameanza kupoa kwenye beseni, pale jirani yake Mama Mgonja alipotokea nyuma ya jiko akihema, kanga imemtoka begani.

"Mama Joeli, acha huyo kuku. Gari lenu liko Kona ya Jiwe. Limeingia kwenye mti."

"Mti gani? Kona ya Jiwe kuna mti barabarani?"

"Sasa upo. Wakata mbao wameangusha mkaratusi ukalala njia nzima. Mimi nimepita juu, shambani, nimeona matawi yamelifunika gari mpaka madirishani. Mtu akitoka sikumwona."

Nakijwa alimtazama kuku. Hakupiga kelele. Alikuwa ameamka kukiwa giza, amekamua, amefua, ameteka maji, amepika uji wa watu saba. Nguvu ya kupiga kelele ilikwisha kutumika kwenye mambo mengine. Alimfunika kuku kwa sufuria ili paka asimwahi, akaanza kuupanda mlima, manyoya yamemganda viganjani.

Wakati yeye anapanda, nasi tuwaangalie waliomo ndani ya gari hilo. Lilikuwa gari dogo la kila siku: kushusha maziwa mjini, kupeleka watoto shule, kumpeleka Bibi kupimwa presha. Siku hiyo lilikuwa likitoka kileleni, msibani kwa ndugu wa Bibi, likiteremka kurudi nyumbani. Walikuwemo watoto wawili, Joeli na Navoneiwa, na watu wazima wanne, na kila mtu mzima alikuwa na kipaji chake. Mmoja alikuwa na sikio, mmoja jicho, mmoja mkono, na mmoja mguu.

Mwenye sikio ni Bibi Namkunda, mama mkwe wa Nakijwa. Macho yake yana ukungu, uso wa mtu hauoni mpaka umkaribie, lakini ukidondosha sindano kwa jirani atakuuliza nani anashona. Yeye ndiye aliyesema, miezi michache nyuma, akiwa kiti cha nyuma, "Eliakunda mwanangu, gari linalia."

"Ni redio, Mama."

"Redio inaimba. Hili linalia. Ukikanyaga breki linalia kama kitoto cha paka, upande wa kulia, mbele."

"Ni vumbi."

"Vumbi la wapi na mvua hii? Zima redio usikilize."

Eliakunda hakuzima redio. Bibi naye hakunyamaza. Kila safari, kila kona, alisema gari linalia, mpaka asubuhi moja akagoma kupanda. Alikaa kizingitini na kadi yake ya kliniki mapajani, akasema presha imuue palepale, angalau atafia kwake. Ndipo gurudumu likafunguliwa. Pedi za breki zilikuwa zimeliwa, zimebaki nyembamba kama ganda la karanga, kidogo tu chuma kianze kusaga chuma.

Mwenye jicho ni Nakadori, wifi yake Nakijwa. Anauza vitenge mnadani, na hajazaliwa mtu wa kumpa kitambaa kinachochuja rangi akakipokea. Huyu ndiye aliyeteremka mjini kwenye duka la spea, na pedi moja kuukuu kaifunga kwenye leso kama mtu anayepeleka jino kwa daktari. Muuzaji akamwekea maboksi matatu mezani.

La kwanza lilikuwa la bei ya chini, na muuzaji akaapa kwamba mji mzima unatumia hizo. Nakadori alichomoa kibanio nyweleni mwake akakwaruza pembeni mwa pedi. Zikadondoka punje, kama mandazi ya juzi. "Hizi ni za kuuzia watu usiowajua," akasema. "Mimi unanijua."

La pili lilikuwa jekundu, lina picha ya gari la mashindano. "Hizi, dada yangu, zikipata moto zinang'ata kama mamba."

"Zikipata moto. Na zikiwa baridi?"

"Zikiwa baridi zinataka uzipashe kwanza."

"Sisi tunatoka nyumbani asubuhi na ukungu, mlangoni tu ni mteremko. Moto niutoe wapi, nizikalishe jikoni?"

La tatu halikuwa na picha wala sifa. Alilinganisha umbo na ile kuukuu, tundu kwa tundu, akaangalia kama sehemu ya pedi inayosugua imekaa sawasawa juu ya bati lake, akauliza zinashikaje zikiwa baridi, zinashikaje zikichoka, na kama zinakula disiki, lile duara la chuma zinalolibana. Muuzaji alipojibu bila kuapa, akamwamini. "Nipe hizi. Za mtu anayekwenda na kurudi."

Mwenye mkono ni Senyaeli, mdogo wake Eliakunda. Anafanya kazi gereji, na ni mzito mpaka unasinzia ukimtazama. Alifunga pedi magurudumu yote mawili ya mbele, ijapokuwa kaka yake alimwambia abadilishe upande unaolia tu. Alisugua kutu, akapaka grisi pale panapotakiwa tu, akafuta disiki kwa kitambaa kisafi. Kisha akakataa kutoa ufunguo.

"Pedi mpya hazijafahamiana na disiki," akasema. "Nikikupa gari hivi na huu mlima wetu, zitaungua juujuu halafu zitakuwa za kuteleza."

Akalipeleka kwenye barabara tambarare karibu na uwanja wa shule. Anakimbiza kidogo, anakanyaga polepole mpaka gari linakaribia kusimama, anaachia. Anarudia. Analipumzisha lipoe, anarudia. Watu walijaa ukutani kumcheka.

"Senyaeli, unalifundisha gari kusujudu?"

"Mwache, anabembeleza mtoto!"

Kesho yake akarudia tena. Na siku zote hizo gari liliposimama, maziwa yalishuka mjini kichwani kwa Nakijwa, kwa miguu, na ndoo tupu ilipanda naye kwa miguu vilevile. Hilo hakuna aliyelicheka, maana hakuna aliyelitazama.

Mwenye mguu ni Eliakunda mwenyewe, mume wa Nakijwa, dereva. Madereva wa mlima ule wana desturi moja: wakianza kuteremka wanatoa gia, gari linashuka lenyewe nyutro, eti kuokoa mafuta. Wanaume wanajisifia hivyo kwenye vijiwe. Anayeteremka na gia anaitwa mgeni. Eliakunda alikuwa bingwa wao. Breki zake ndizo zilizobeba mlima mzima miaka yote, na ndiyo sababu ziliisha kama ganda la karanga. Lakini siku ile ya msiba, kileleni, aliingiza gia namba mbili akaiacha hapohapo. Alipofika Kona ya Jiwe, mkaratusi ulikuwa umelala mbele yake na wakata mbao hawakuweka mtu wa kuonya wala tawi la alama. Kushoto korongo. Kulia ukuta wa mlima. Alikanyaga bila kupapatika, akakata usukani upande wa mlima, na gari likasimama bampa likiwa ndani ya majani, kabla ya gogo.

Hayo yote Nakijwa hakuyajua bado. Yeye alikuwa akipanda. Miguu ilikuwa mizito, na kichwani alikuwa akihesabu bila kutaka: Joeli, Navoneiwa, Bibi, Nakadori, Senyaeli, baba yao. Akifika mwisho anaanza upya. Kilichomtisha ni kwamba kila alipohesabu aliwaza pia sahani.

Kabla ya kona alisikia sauti ya Bibi, akaketi palepale kando ya barabara, kwenye majani mabichi.

"Nimesema chupa ya chai imepasuka, nimesikia! Mnabisha nini?"

Walikuwa wanasukuma matawi. Joeli alikuwa na majani nywele nzima. Nakadori alikuwa anawatukana wakata mbao, nao wameinamisha vichwa na shoka mkononi. Eliakunda alimwona mkewe, akaruka gogo, akamfuata, akasimama mbele yake.

"Mama Joeli. Una manyoya mikononi."

"Nilikuwa nanyonyoa kuku."

"Tupo wote."

"Naona," akasema Nakijwa. Akanyoosha mkono ainuliwe.

Jioni kuku akaiva. Na hapa ndipo mambo yalipoanza.

Katika nyumba ile firigisi si ya baba kwa sababu ni baba. Marehemu mzee, mume wa Bibi, ndiye aliyeweka utaratibu: firigisi hupewa aliyeifaa nyumba siku hiyo, na aliyeila ndiye mwenye neno la mwisho juu ya jambo lenyewe, mpaka achinjwe kuku mwingine. Na kuku katika nyumba ile hachinjwi mara kwa mara.

"Hiyo ni yangu," akasema Bibi mkekani. "Nisingesikia, mngekuwa bado mnasikiliza redio."

"Mama, huna meno ya firigisi," akasema Eliakunda.

"Nitainyonya. Na kuanzia kesho redio haifunguliwi ndani ya gari."

Nakadori akacheka. "Kusikia kumesimamisha gari? Ulisikia, sawa, halafu je, ningewaletea zile za punje? Mngelia pamoja na gari. Mimi nataka neno moja tu: kitu chochote cha gari kikinunuliwa, nakinunua mimi. Kaka asisogee dukani."

"Pedi nzuri iliyoungua ni sawa na pedi mbaya," akasema Senyaeli polepole, na watu wakasubiri amalize. "Mlinicheka. Mimi nataka kila mwezi gari likae kwangu siku mbili, nilifungue, nilitazame."

Kwenye jiko Nakijwa aliacha kukoroga. Siku mbili kila mwezi. Alisikia ndoo ya maziwa ikimkalia utosini. Akakoroga tena.

"Na mguu uliokanyaga ni wa nani?" akauliza Eliakunda. "Sikio, jicho na mkono vyote vilikuwa vimekaa vimefunga mikanda vinapiga soga. Mimi ndiye niliyekuwa mbele."

"Na neno lako?" akauliza Nakadori. "Urudie nyutro yako?"

Eliakunda akakuna kidevu. "Pedi zikiwa nzuri hivi, nyutro ina ubaya gani? Leo nilitia gia kwa sababu zilikuwa mpya, niliona haya kuzichosha. Zikizoea..."

"Umesikia!" Bibi akapiga mkeka kwa kiganja. "Hata hilo nimelisikia mimi kwanza."

"Ikatwe vipande vinne," akasema Joeli.

"Ikikatwa na neno linakatwa," akasema Bibi. "Gari la maneno manne litakwenda wapi?"

Navoneiwa, mdogo wa wote, alimtazama mama yake anayepakua. "Mama, wewe unataka nini kwenye gari?"

Nakijwa alipangusa upawa ukingoni mwa sufuria. Ulikuwa muda mrefu tangu aulizwe. "Nataka lifike," akasema. "Osheni mikono."

Akapakua ugali, akapakua mchicha, akagawa nyama. Alinyoosha upawa akahesabu kwa sauti, jambo ambalo hajawahi kulifanya na ambalo hakuna aliyethubutu kulicheka: Joeli. Navoneiwa. Bibi. Nakadori. Senyaeli. Baba Joeli. Na mimi. Sahani saba na watu saba, hakuna sahani iliyokosa mtu. Mvuke ulikuwa unapanda, na mtu hakugusa tonge, kwa maana kwenye upawa ilikuwa imebaki firigisi, nzima, na Nakijwa mkono umeanza kumuuma.

Basi ninyi mliokaa hapa mkasikiliza, mkubwa na mdogo: lisingesikilizwa gari, pedi kuukuu zingebaki. Zisingechaguliwa hizi, zingewekwa za punje au za mamba. Zisingetulizwa, zingeteleza. Usingekanyaga ule mguu, vyote vingeishia korongoni. Na atakayekula ndiye atakayeamua gari litakavyoshuka mlima kuanzia kesho, likiwa na watoto ndani.

Mwanamke yule amechoka, chakula kinapoa, na upawa uko hewani. Ungekuwa mkono ni wako, ungeiweka kwenye sahani ipi?