Mama Siwema Amsindikiza Binti

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, majirani na ofisi kama sisi, aliishi Sungura mmoja aitwaye Mama Siwema. Sogeeni, msikie. Huyu mama ndiye aliyemfanya Simba aombe radhi kwa kosa asilolitenda, na ndiye aliyemuuzia Tembo kivuli cha Tembo mwenyewe. Msituni hapakuwa na mkubwa ambaye hakuwahi kuchezewa akili naye.

Basi, binti yake, Siwema, akachaguliwa kwenda chuo, akasomee kuunga mifupa. Mama akapiga vigelegele mpaka jirani yake, Kanga, akatoka na mwiko mkononi.

"Kuna nini, Mama Siwema?"

"Binti yangu anakwenda chuo, shoga! Ukivunjika mguu usihangaike na waganga. Msubiri Siwema."

"Nisubiri mpaka amalize chuo, na mguu umevunjika?"

"Na mguu mbovu una haraka ya kwenda wapi?"

Lakini Kanga aliporudi jikoni kwake, mama alikaa akikitazama kikombe cha Siwema. Kila mtu alimwita Mama Siwema. Jina lake la usichana hata yeye alilikumbuka kwa taabu. "Huyu akiondoka," akajiuliza, "mimi nitakuwa mama wa nani?"

Chuo kiliagiza kila mwanafunzi aje na ndoo, jembe na fagio. Kwa nini mtu anayesomea mifupa aje na jembe, hakuna aliyeuliza. Kiliagiza pia kwamba lango litafungwa jua likigusa mlima, na atakayechelewa arudi mwakani. Aliposikia hilo la lango, masikio ya mama yakasimama wima. Sheria nyingi alikuwa akizicheka tu. Hii aliiona ina matumizi.

Siku ikafika. Asubuhi na mapema Siwema akajitwika sanduku la bati, ndoo ikining'inia pembeni, kwang, kwang. Mama akamsindikiza mpaka kwenye kichuguu kikubwa, nusu ya njia.

"Haya, mama, rudi sasa. Asante kwa kunisindikiza."

"Nirudi peke yangu?" mama akashika kiuno. "Njia imejaa fisi! Mtoto niliyemlea vizuri aniache nirudi peke yangu?"

Siwema alikuwa amelelewa vizuri kweli. Akamrudisha mama mpaka mlangoni.

"Haya, mama, umefika. Kwaheri."

"Umenisindikiza mpaka mlangoni, mwanangu, halafu nikuache uende hivi hivi, kama mtu aliyefukuzwa? Na fisi wale? Hebu twende."

Wakaenda. Kwenye kichuguu, fisi wakatajwa tena, wakarudi. Mlangoni, adabu ikatajwa tena, wakaenda. Kwang, kwang, kwang. Kanga akasimama kizingitini na mwiko wake, akiwaangalia wakipita.

"Siwema, umeshahitimu?" akauliza.

Siwema shingo ikamuuma kwa sanduku. "Mama, jua linashuka."

"Jua halina adabu," akasema mama. "Sisi tunayo."

Mwishowe Siwema hakusimama tena kwenye kichuguu. Alikwenda mbio, sanduku kichwani, mama nyuma yake, mpaka chuoni.

Chuo kilizungushiwa ua wa miiba wenye uwazi mmoja. Hapo alikuwa Mkuu wa Mapokezi, Bwana Kifaru, ambaye macho yake hayakuona mbali lakini cheo chake kilionekana kutoka mbali.

"Shikamoo, Bwana Mkuu," Siwema akasema huku akihema. "Mimi Siwema, na huyu ni Mama Siwema."

"Marahaba. Jua limegusa mlima. Lango limefungwa."

"Limefungwa na nini?" mama akauliza.

"Na mimi," akasema Kifaru, akaketi katikati ya uwazi. Puu! Vumbi likatimka.

"Sasa nifanyeje, Bwana Mkuu?" akauliza Siwema.

"Uje mwakani. Ukiwahi."

Siwema akashusha sanduku, akalikalia. Hakulia. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Twende nyumbani, mama. Nitakusindikiza."

Mama alikuwa ameshinda, watoto. Ushindi safi kuliko ule wa Simba, kuliko ule wa Tembo. Akamtazama binti yake, mdogo juu ya lile sanduku, anasugua shingo. Ushindi ule hakuutaka tena.

Akainama. "Beba sanduku," akanong'ona. "Nikikohoa, nenda."

"Niende wapi?"

"Utapaona."

Kisha akasimama mbele ya Kifaru. "Haya, Bwana Mkuu, tumeshukuru. Sisi tunaondoka."

"Karibuni tena."

Mama hakusogea.

"Mbona huendi?"

"Nasubiri kusindikizwa."

"Nani akusindikize? Mimi niko kazini!"

"Aa, samahani. Kumbe Mkuu wa Mapokezi anapokea tu, haagi. Tembo ataniuliza, 'Kifaru alikutoa hata hatua mbili?' Nitamwambia hapana, yule hajafundishwa, mwacheni."

"Nani hajafundishwa?"

"Basi sheria yenu inakataza."

"Sheria haisemi lolote kuhusu kusindikiza!"

"Kama haisemi, haikatazi."

Kifaru akafikiri. Kufikiri kwa Kifaru kulikuwa kazi ya mwili mzima. Mpaka mkia ulitikisika. "Hatua chache tu," akasema, akainuka.

Wakaenda mpaka kwenye mti wa kwanza.

"Asante, Bwana Mkuu. Lakini nitakuachaje urudi peke yako, na giza hilo linakuja? Ngoja nikusindikize."

"Ni kweli," akasema Kifaru, ambaye hakuwahi kusindikizwa na mtu maishani. Wakageuka. Hawajafika, akasimama. "Lakini sasa wewe ndiye utakayerudi peke yako."

"Hilo nalo neno!"

Wakageuka tena. Ndipo mama akakohoa. Kho! Kho!

Nyuma yao, nyatu, nyatu, nyatu... kwang!

Kifaru akatega masikio. "Nini hicho?"

"Kifua changu, Bwana Mkuu."

"Kifua kinalia kama ndoo?"

"Ndiyo maana nampeleka binti akasomee!"

Waliporudi, Kifaru akaketi tena langoni. Puu! Akanusa huku, akanusa kule. "Yule binti yuko wapi?"

"Nipo huku ndani, Bwana Mkuu!"

"He! Umeingiaje?"

"Tulia," akasema mama. "Lango si lilikuwa limefungwa?"

"Limefungwa kabisa! Tangu jua lilipogusa mlima! Mimi sijawahi kuacha lango wazi."

"Basi aliyemo ndani aliingia kabla halijafungwa."

Mkia wa Kifaru ukatikisika kwa muda mrefu. "Bila shaka," akasema mwishowe, tena kwa ukali. "Na aliyemo ndani hatoki mpaka likizo! Hiyo ndiyo sheria!"

Sheria hiyo mama hakuwa ameisikia.

Juu ya ua yakachomoza masikio mawili. "Mama! Nije nikusindikize kidogo?"

Kukubali kulikuwa tayari mdomoni mwa mama, na maneno ya kumzunguka tena Kifaru alikuwa nayo, tena mazuri.

"Wewe!" akasema. "Hujasikia sheria? Kaa huko usome!"

Akageuka, akashika njia. Kifaru, ambaye siku hiyo alikuwa amejifunza adabu, akamwita:

"Mama Siwema! Si nikutoe mpaka kwenye kichuguu? Binti ananiambia hapa nyuma yangu kwamba njia imejaa fisi."

"Kaa langoni, baba. Fisi wale niliwatunga mwenyewe asubuhi."

Na akafika nyumbani salama, peke yake, akachemsha chai. Kanga alipochungulia dirishani akauliza, "Hodi, Mama Siwema, upo?" mama akajibu, "Nipo, shoga, karibu," akammiminia katika kikombe cha Siwema.

Yangu yameishia hapo kwenye chai, na funzo ni hili: mzazi ana ruhusa ya kutaka mtoto aende na kutaka abaki, ila langoni achague moja.