Bi Tima na Sufuria la Tui

Hakuna methali pwani hii ambayo sijui ilikozaliwa. Na ile nisiyoijua, naizalisha mwenyewe. Basi mkiniuliza nani alianza kusema "Ulimi wa kuazima haujui chumvi," kaeni vizuri, acheni kuchekacheka. Methali hii ilianza hivi.

Kule Vanga palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Tima, mwonjaji wa karamu. Sufuria la arusi halikufunikwa mpaka yeye aonje na kutoa neno. Na maneno yenyewe! Sisi wengine tuna tamu, chungu na chachu, tumemaliza. Yeye mchuzi wa ukwaju aliusifu, "Uchachu wake una haya, unabisha hodi kwanza." Pilipili mbuzi je? "Hii haiumi, inasuta." Watu walijipenyeza jikoni wasikie kabla hawajala.

Mwaka mmoja akashikwa na homa kali. Alipoinuka akanywa uji wa ndimu: maji. Akatafuna shubiri: kama anatafuna karatasi. Akajiuliza, hivi ladha ikiondoka huenda wapi? Lakini hakumwambia mtu. Bila ulimi ule, nani angemwita tena jikoni? Angebaki mjane tu wa nyumba ya kona.

Akabuni hila. Kila sufuria, humwonjesha mwingine kwanza. "Onja wewe, mwanangu, mimi nitafuata." Kisha huutazama uso. Na huko akagundua mambo! Uchachu hufumba jicho moja. Sukari hulegeza mabega. Pilipili hupanua pua kabla kinywa hakijajua kimepatwa na nini. Akazisoma nyuso, akazipamba kwa maneno, mji ukaendelea kumsifu.

Mpaka ikaja arusi moja, mpishi akiwa Bi Shumbana, shoga yake tangu utoto. Wageni wa upande wa bwana arusi walishaketi, mchele umeoshwa, tui liko jikoni. Bi Shumbana akachota kidogo, akaonja. Uso ukamkunjamana, jicho moja likafumba.

"Limechacha!" Bi Tima akadakia, akilamba mwiko kwa madaha. "Chachu ya kinyongo hii! Mwageni!"

Wasichana wakalishika sufuria huku na huku. Nazi nyingine hazikuwapo.

"We! Liacheni hapo!" Bi Shumbana akapiga kelele, kajishika shavu. "Nani kasema limechacha? Tui zuri kama nini. Ni jino langu bovu limeguswa na moto."

Wote wakamgeukia Bi Tima.

"Aa, nilikuwa nawatania!" akasema, akaangua kicheko kirefu mno. "Mimi nishindwe na tui? Tamu, laini, linateleza lenyewe. Ila shoga yangu, chumvi leo umeizidisha."

Bi Shumbana akamtazama, kisha polepole akafumbua kiganja cha mkono wa pili. Chumvi yote ilikuwa humo, haijapungua hata chembe.

"Ulimi wa kuazima, shoga," akamwambia, "haujui chumvi."