Kwa Nini Wahitimu wa Ellerby Hupita Jikoni

Hapo kale, mji wa Ellerby kule Marekani ulikuwa na barabara mbili tu za maana, moja ya kwenda stesheni ya treni na nyingine ya kupanda kilimani kwenye chuo kikuu. Msicheke. Mji ulikuwa mdogo lakini majina yake makubwa. Ndiko alikosoma Hiram Lusk, aliyeiona nyota yenye mkia kabla ya mtu mwingine yeyote. Ndiko alikosoma Jaji Amos Pell, ambaye mawakili waliogopa kuingia mahakamani mwake. Lakini wote hao, kabla hawajawa watu wa kutajwa, walikuwa vijana wenye njaa, na mtu aliyeishughulikia njaa yao alikuwa mmoja tu, Bi Dorcas Whitlow.

Bi Dorcas alikuwa mjane. Nyumba yake ya mbao ilikaa katikati ya mteremko, baina ya ukumbi wa chuo na kanisa, na humo aliwapikia wanafunzi na walimu wao chakula cha mchana. Kwetu tungemwita mama ntilie, na tusingekosea. Hakuwa na maneno laini, mama yule. Ukichelewa, ulikula ukoko. Ukiisifia pai yake ya tufaha kupita kiasi, alikuuliza umevunja sahani gani. Vijana walimwogopa, wakampenda, na walipopata wachumba walikuja kwanza kumwonyesha yeye.

Mahafali ya Ellerby siku hizo yalikuwa kama ya kwingine kokote. Msafara wa majoho ulitoka ukumbini, ukateremka, ukaizunguka nyumba ya Bi Dorcas kwa mbali na kuingia kanisani. Aliyetangulia alibeba fimbo yenye kichwa cha fedha. Kuanzia alipoinyanyua mpaka alipoishusha, ilikuwa mwiko kwa mtu yeyote kusema, kusimama, au kumpita. Alikoelekea yeye, ndiko walikoelekea wote.

Tena wasomi wale walikuwa watumwa wa desturi. Jambo likishafanyika mahafalini mara moja, basi ni la milele. Mwaka mmoja mbwa wa muuza nyama alijiingiza kwenye msafara na kutembea nao hadi kanisani. Mwaka uliofuata, watu wazima, maprofesa wenye mvi zao, wakaenda kumwazima mbwa yule kwa mwenyewe. Haya, hao ndio watu ninaowasimulia.

Basi akaja mkuu mpya wa chuo, Lemuel Strand, mtu aliyependa kila kitu kinyooke. Aliitazama njia ile inayopinda kuzunguka nyumba ya mbao, akaona kero. Akataka barabara pana, iliyonyooka, yenye miti huku na huku, kutoka mlango wa ukumbi hadi mlango wa kanisa. Kiwanja kilikuwa cha chuo, kwa hiyo hapakuwa na mengi ya kubishania. Baraza la chuo likaamua kwamba nyumba ibomolewe asubuhi itakayofuata siku ya mahafali.

Mtetezi wa Bi Dorcas alikuwa Profesa Obadiah Finch, mwalimu wa Kigiriki, mzee mpole aliyekula kwa Bi Dorcas kila siku kwa miaka mingi. Alisimama barazani kumtetea, akaanza vizuri kabisa, kisha akapotelea kwenye vita vya wafalme wa kale, na alipozinduka wenzake walikuwa wamekwisha kupiga kura. Bi Dorcas alipoambiwa hakulia. Aliuliza tu tarehe. Lakini usiku alipapasa mbao za ukutani, zilizopigwa misumari na mumewe kwa mikono yake, na moyo ulimuuma vibaya sana.

Siku ya mahafali alifunga sufuria zake kwenye magunia, tayari kwenda kwa dada yake mji wa mbali. Alipomaliza, akashindwa kukaa bure. Akawasha jiko kwa mara ya mwisho, akaoka pai zote alizokuwa na unga wa kuzioka.

Sasa, aliyebeba fimbo mwaka ule alikuwa huyo huyo Profesa Obadiah. Treni ya gavana, mgeni rasmi wa siku hiyo, ilichelewa, msafara nao ukachelewa kuanza, na mzee akawa amekaa na njaa yake tangu alfajiri. Walipofika nusu ya mteremko, kengele ya saa sita ikalia. Kichwa cha Obadiah kilikuwa mbali, kinatafuta neno la Kigiriki. Miguu yake haikuwa na habari na mahafali yoyote. Ilisikia kengele ya chakula cha mchana, ikakata kushoto kama ilivyozoea, ikamshusha moja kwa moja kwenye kijia cha Bi Dorcas.

Na wote wakafuata! Wangefanyaje? Kusema ni mwiko, kusimama ni mwiko. Mkuu Strand alikuwa wa pili, uso umemwiva kwa hasira. Nyuma yake gavana, kisha Lusk wa nyota, kisha Jaji Pell, kisha vijana wenye majoho mpaka juu kilimani.

Bi Dorcas aliwaona kupitia dirishani, akashika komeo. Fikirini na nyinyi. Hawa ndio waliotaka kumtoa nyumbani kwake kesho. Angefunga mlango tu, wangerundikana pale nje na heshima zao zote, na mji mzima ungewacheka. Roho yake ilimwambia funga. Lakini wa mbele yao alikuwa Obadiah, mzee wake, mwenye njaa, asiyejua hata yuko wapi, na aibu yote ingemwangukia yeye.

Akafungua mlango wa mbele. Akafungua na wa nyuma, unaotokea kanisani. Kisha akachukua kisu, akaanza kukata pai.

Milango ile ilikuwa mifupi, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa mfupi na alijenga kwa kimo chake. Obadiah alipita ameinama, kama kila siku, akapokea kipande chake. Mkuu Strand akaja wima na kofia yake ndefu.

"Inama, Mheshimiwa," Bi Dorcas alimwambia.

Akainama. Kipande kikubwa kuliko vyote kikawekwa kwenye kiganja chake, na kwa kuwa kukataa kungehitaji kusema, akala. Gavana akainama, Lusk akainama, Jaji akainama, na vijana wote mmoja mmoja. Kanisani siku ile watu walitafuna badala ya kuimba.

Kesho yake wabomoaji walifika na mashoka. Huko kilimani, baraza lilikuwa limekutana kuandaa mwaka unaofuata, na Jaji Pell, naye mjumbe wa baraza, akauliza, bila haraka, msafara ungepita wapi.

"Njia iliyonyooka," akasema Mkuu Strand.

"Msafara wetu hupita ulikopita," Jaji akajibu. "Mbwa tulimwazima. Jiko tutaliazima wapi?"

Watu wale wale ambao hawakumhurumia mjane sasa waliingiwa na hofu kwa ajili ya desturi yao. Kura zikapigwa upya, na mkuu wa chuo akateremka mlima mbio, joho limemvimba mgongoni, kuwahi mashoka.

Alimkuta Bi Dorcas ameketi kizingitini pamoja na magunia yake. Akamwambia, huku akihema, kwamba nyumba haitaguswa, leo wala milele. Hapo ndipo alipolia, mama wa watu, kwa furaha, mbele ya wabomoaji na kila mtu. Alipojifuta macho akamwonyesha mkuu wa chuo yale magunia. Strand akayabeba, moja baada ya moja, akayarudisha jikoni.

Na tangu siku hiyo, barabara pana ya Ellerby huja imenyooka kutoka ukumbini, ikafika kwenye nyumba ndogo ya mbao na kukomea hapo. Bi Dorcas alikwisha kufariki, na kila mwaka mpishi mmoja wa mjini husimama mahali pake na kisu cha pai. Mlango haujainuliwa, ingawa watu wa siku hizi ni warefu zaidi. Ndiyo maana hakuna aliyehitimu Ellerby, awe mtoto wa gavana au wa mfagia stesheni, ambaye hakumwinamia kwanza mwanamke aliyeko jikoni.