Siku Vyungu Havikugongwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kualikana karamu kama sisi, Nguchiro alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Alikuwa mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na mdomo wake haukujua kupumzika.

Jirani yake pale sokoni alikuwa Ngiri, naye mfinyanzi vilevile. Ngiri aliuza kwa kelele. "Vyungu, vyungu, vyungu! Havina mfano!" Basi kutwa nzima ni hivyo, mpaka masikio yanauma.

Nguchiro hakunadi kitu. Aliketi chini, akaweka chungu kizima kuliani na chenye ufa kushotoni, akawaambia wapita njia, "Njooni msikilize."

Akagonga cha kulia kwa kifundo cha kidole. Ngiii! Akagonga cha kushoto. Bwe.

"Umesikia, Mzee Nyati?"

"Nimesikia. Sasa wataka ninunue kipi?"

"Usinunue. Nenda kwa Ngiri ukagonge vyake. Kikiimba, chukua."

Nyati akaenda kwa Ngiri, akagonga, akanunua. Mke wa Nguchiro akashika kiuno.

"Mume wangu, mteja umempeleka kwa jirani kwa mkono wako mwenyewe."

"Atarudi, mama watoto. Tumpe muda."

Kila siku ya soko palikuwa na somo. Leo ni kugonga. Soko linalofuata ni kuandaa chungu kipya: usikipikie mchuzi siku ya kwanza, kipake mafuta, kichemshie uji mzito wa muhogo, kisha ukiache kipoe chenyewe. Soko jingine ni namna ya kupoza maji mtungini. Misimu ikapita, na mara nyingi mke na mume walirudi nyumbani na vyungu vyao vyote kichwani, wakalala na uji mtupu. Ngiri akawacheka mpaka machozi.

Lakini maneno yalikuwa yakitembea. Jikoni kwa Tembo, mtu akiuliza habari ya chungu, jibu lilikuwa, "Nguchiro alisema hivi." Mtoni kwa Kiboko, "Nguchiro alisema hivi." Siku walipohitaji chungu walikuja kwake bila kuitwa, wakamwita mwalimu, na Ngiri akabaki na kelele zake.

Natamani hadithi ingeishia hapa, watoto wangu. Ningewaambia mkalale, na mimi ningelala vizuri.

Basi Bi Kiboko akawa anamwoza binti yake. Akaja mwenyewe, anahema.

"Mwalimu, nataka vyungu vya arusi. Bonde zima litakula kwangu. Nivipate soko lijalo."

Soko lijalo lilikuwa karibu mno. Udongo ulikuwa bado maji maji, na chungu kibichi kikitiwa motoni hupasuka. Nguchiro alilijua hilo vizuri, maana yeye ndiye aliyewafundisha wengine. Lakini moyoni akasema, nikimwambia sina atakwenda kwa Ngiri, na jina nililolihangaikia miaka yote litakwisha.

"Vitakuwa tayari, bibie," akajibu.

Akavifinyanga mbio mbio, akavianika kidogo, akavichoma kabla havijakauka. Motoni vikalia ta! ta! ta! Vilipopoa, kila kimoja kilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele. Akagonga. Bwe. Akagonga kingine. Bwe.

"Tuvivunje," mkewe akasema. "Twende kwa Bi Kiboko tumwambie ukweli. Bado ana nafasi ya kuazima kwa majirani."

"Nitaonekanaje?"

"Utaonekana umeshindwa kazi moja. Basi."

Nguchiro hakutaka kusikia. Alichukua nta na majivu, akaziba nyufa. Kisha, mjanja yule, akakata nyasi mbichi, akazishindilia ndani ya kila chungu mpaka juu. Chungu kilichojaa nyasi hakiimbi, kiwe kizima au kibovu. Akagonga kimoja kwa kujaribu. Tif. Hata yeye asingejua. Na wakiuliza, maneno alikuwa nayo tayari: nyasi ni za kuvilinda njiani.

Siku ya soko wakaja Bi Kiboko, Nyati na Tembo kubeba mzigo. Nguchiro roho i juu, anangoja wagonge.

"Nyasi hizi ni za..." akaanza.

"Usijisumbue kueleza, mwalimu," Nyati akasema. "Ukiziweka wewe, zina maana."

Tembo akanyoosha mkonga kwenye chungu cha kwanza. Bi Kiboko akaupiga kofi.

"We Tembo, huoni haya? Wamgongea Nguchiro vyungu vyake? Kugonga umefundishwa na nani?"

Tembo akainamisha kichwa. "Niwie radhi, mwalimu. Ni mazoea tu."

Wakajitwika vyungu, wakaondoka wakiimba nyimbo za arusi. Nguchiro alibaki na uongo wake mdomoni, hakuna aliyeuhitaji. Nyasi zote zile alizikata bure. Hilo lilimuuma kuliko kama wangemkamata. Walikuwa bado wanaonekana barabarani, angeweza kuwaita. Akafungua mdomo. Mkewe akamtazama, akingoja. Akaufunga.

Kwenye arusi walimketisha kwenye jamvi la heshima, karibu na wakwe. Chakula kikawa kinanukia vizuri. Mara jikoni kukalia kwaa! Kisha fwaaa, mchuzi ukamwagika motoni. Kwaa! Fwaaa! Tena, na tena, moshi ukajaa kote. Wageni wakapewa muhogo mkavu, wakwe wakaondoka wamenuna, na bibi arusi akalia mpaka wanja ukamchuruzika. Nguchiro alikaa pale pale jamvini, akitazama miguu yake.

Kesho yake Bi Kiboko akaja kwake. Alikuja polepole, macho chini.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba radhi. Nimekuharibia vyungu vyako. Nadhani ule uji sikuuacha upoe vizuri, nilikuwa na haraka ya shughuli. Wewe ulitufundisha, mimi nikapuuza."

Nguchiro angeweza kumsamehe, na mambo yakaishia hapo. Hila yake ilikuwa imefaulu kuliko hila zote. Lakini alishindwa kummezesha mama yule kosa lisilo lake.

"Si uji, bibie. Vilikuwa na nyufa. Nilijua."

Bi Kiboko akainua macho, akamtazama.

"Na nyasi?"

"Ili msisikie."

Hakumtukana wala hakulia. Aligeuka, akarudi mtoni. Afadhali angetukana.

Safari hii Nguchiro alifinyanga bila haraka. Aliviacha vyungu vikauke mpaka vikakauka kweli, akavichoma siku ya jua kali, akavipeleka sokoni bila jani hata moja ndani. Wakaja wale wale. Nyati akagonga, akaenda zake. Tembo akagonga, akaenda zake. Bi Kiboko akagonga kimoja. Ngiii! Akagonga tena. Ngiii! Akaweka sikio, akagonga tena.

"Kinaimba, bibie," Nguchiro akasema.

"Nasikia kinaimba. Lakini kwamba chungu kizima huimba, hilo nalo nililisikia kwako."

Akakirudisha chini taratibu, asije akakivunja, akaondoka mikono mitupu.

Nguchiro akasogeza chungu kizima kuliani, chenye ufa kushotoni, akagonga kama zamani. Ngiii. Bwe. Wapita njia wakapita.

Basi hadithi yangu naitua hapa, na neno lake ni hili: mtu akiacha kukukagua kwa sababu anakuamini, hapo ndipo ujikague mwenyewe.