Ufunguo wa Tovuti ya Bikombo

Sikilizeni vizuri, kwa sababu mwishoni kazi nitawaachia nyinyi.

Bikombo wa Wete alishona kofia za viua, zile za kutariziwa vitundu kwa mkono, na alikuwa na watoto watatu. Pandu alijua kuchagua. Mize alijua kusikiliza. Shaame alijua kutunza. Kushona hakujua hata mmoja wao.

Maradhi yalipomzuia kwenda dukani, Bikombo alitaka tovuti. Pandu akajaribu mifumo ya kuiendeshea. Wa kwanza ulipendeza, lakini hata kubadili bei kulihitaji fundi. Wa pili ulikuwa wa kukodi, na kodi ikichelewa kila kitu kinafungwa. Wa tatu akauweka kwenye simu ya mama yake.

"Badilisha bei hii, mama. Usiniulize kitu."

Akabadilisha.

"Basi ni huu," akasema Pandu.

Vidole vya mama vilipoishiwa nguvu, Mize alikaa kando ya kitanda akiwaandikia wateja tovutini kila alichosema mama, bila kukisahihisha: "Zungusha uzi juu ya masikio. Usibane, unapima kichwa, hufungi mzigo. Kisha niandikie, nitakujibu mwenyewe."

Bikombo akafa. Matanga hayajaanuliwa, Pandu akausasisha mfumo kwa haraka, na kurasa zote zikafutika. Kumbe Shaame alikuwa akihifadhi nakala kila Ijumaa, huku nduguze wakimcheka: "Mlinzi wa hewa!" Akazirudisha zote, hata nukta haikupotea.

Siku ya hitma baba yao, Faki, aliweka simu ya marehemu juu ya mkeka. "Mama yenu alisema ufunguo mkuu wa tovuti, neno la siri lililomo humu, aushike mmoja tu. Nimpe nani?"

"Mimi," akasema Pandu. "Nitauza kofia za kiwandani, jina lake lisife."

"Jina lake au tumbo lako?" Mize akamgeukia baba yake. "Nipe mimi, baba. Nitaacha kupokea oda. Maneno yake yabaki, asiyaguse mtu."

"Hata 'nitakujibu mwenyewe'?" akauliza Shaame. "Sasa huo ni uongo. Mimi nitalifuta hilo kwanza, niandike kuwa amefariki."

"Uliyarudisha ili uyafute?" akauliza Mize.

"Nisingeyarudisha, leo ungekuwa na nini cha kulilia?"

Simu ikalia. Faki akaiokota, akasoma kwa sauti: "Bi Bikombo, naoa baada ya Ramadhani. Nimezungusha uzi kama ulivyosema, sikubana. Inchi ishirini na mbili. Nasubiri jibu lako."



"Haya," akasema Faki. "Kila mmoja ana haki yake. Nani atamjibu huyu?"

Hadi leo simu angali nayo Faki, na bwana harusi hajajibiwa. Bila Pandu, Bikombo asingepata pa kuandika. Bila Mize, maneno yasingekuwepo. Bila Shaame, yangepotea. Nyinyi mliosikia, ufunguo mngempa nani? Na bwana harusi, mngemwambia nini?