Ngiri Aenda Kusailiwa kwa Fundi Kigogota

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelazimishwa? Tena. Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na ubao.

— Ukawa!

Palikuwa na msumeno.

— Ukawa!

Na palikuwa na mmoja aliyejiona hodari.

— Akawa!

Haya, huyo ndiye wetu leo. Kaeni vizuri, na wewe wa nyuma acha kutafuna.

Hapo kale wanyama walikuwa na seremala mmoja tu, Fundi Kigogota, yule ndege mwenye mdomo kama patasi. Vitanda, yeye. Milango, yeye. Vigoda, yeye. Kutwa unamsikia: go! go! go! go! Msiniulize ndege anashikaje msumeno. Alishika. Mkitaka kujua zaidi, kamuulizeni mwenyewe.

Siku moja Kigogota akatangaza kwamba anataka mwanagenzi wa kumfundisha useremala. Mmoja tu. Usaili siku ya soko, asubuhi, palepale karakanani. Atakayepita atalala karakanani, atakula chakula cha nyumbani kwa fundi, na atafundishwa kazi mpaka aive. Na kila mnyama alijua jambo hili: mwanagenzi wa Kigogota ni mtoto wa Kigogota. Ukimgusa, umemgusa fundi.

Sange akasikia. Sange mnamjua? Yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Moyo ukamruka kwa furaha, maana Sange alikuwa na jirani, na jirani huyo alikuwa Ngiri. Sange akichimbua mchwa, Ngiri huyo: "Nguu! Leta." Sange akikamata panzi, Ngiri huyo: "Nguu! Leta." Sange akijaza kikapu cha kumbikumbi, Ngiri huyo: "Nguu! Leta, na kikapu." Ujirani mwema kabisa. Sange analala njaa, huku anasikia jirani anavyocheua. Alikuwa amechoka, jamani. Alichoka kweli. Ile nafasi kwake haikuwa kazi tu, ilikuwa mahali pa kukimbilia.

Bahati mbaya Ngiri naye ana masikio. Akaja mbio, mkia juu.

"Nguu! Sange! Nasikia kwa Kigogota kuna chakula."

"Kuna kazi, kaka mkubwa."

"Ndiyo hiyohiyo. Nitaichukua mimi. Na wewe usithubutu kwenda kusailiwa. Nikikuona kwenye foleni, shimo lako nalikanyaga na wewe ukiwa ndani."

Pua ya Sange ikasimama. Haikuwahi kusimama tangu azaliwe.

"Ila wewe," Ngiri akaendelea, "unashinda pale karakanani ukiokota wadudu kwenye maranda ya mbao. Mambo yao unayajua. Nifundishe nipite."

Sange akamtazama. Kisha, taratibu, pua ikaanza tena kucheza.

"Kaka mkubwa, nani wa kukukatalia? Nitakuandaa mpaka Kigogota mwenyewe akuogope."

Mazoezi yakaanza. Sange akaanza na mavazi. Akakata jani la mgomba, akalichana, akamfunga Ngiri tai ya shingoni. Ngiri hana shingo ya kuonekana, lakini walitafuta hadi wakaipata. Akaenda kujitazama kwenye dimbwi. Akajipenda. Nusura ajipose.

Wakaja kwenye majibu.

"Fundi akikuuliza jina, utasemaje?"

"Ngiri."

"Aka! Jina kila mtu analo. Sema: mimi ni mchapakazi, mbunifu, ninayejituma bila kusimamiwa."

"Na chakula je?"

"Chakula usikitaje. Akikuuliza udhaifu wako?"

"Sina."

"Aka! Lazima uwe nao, ila uwe mzuri. Sema: udhaifu wangu, nafanya kazi kupita kiasi."

Ngiri, ambaye hata maji ya kunywa anachotewa, akalisema. Akalisema tena. Aliporudia mara nyingine machozi yakamlenga, akajionea huruma kwa jinsi anavyojitesa na kazi.

"Na chakula je?"

"Kaka mkubwa, subiri. Sasa ndiyo tunafika kwenye jambo lenyewe. Kigogota hana maneno mengi. Ataweka ubao mrefu juu ya meza, nusu mezani, nusu unaning'inia. Atakwambia: nishikie huo upande, nikate. Hapo ndipo wanapoanguka wote."

"Wanaangukaje?"

"Wanashika tu! Kama wagonjwa! Wewe mwenye mabega hayo, utashika tu?"

"Sishiki tu!" akasema Ngiri. "Nifanyeje?"

"Nyanyua. Msumeno ukianza kwenda, nyanyua. Ukizidi kwenda, zidi kunyanyua. Fundi ajue leo amepata nguvu."

Ngiri alilipenda somo hilo kuliko yote. Hakuhitaji hata kufikiri. Akatunga na wimbo, akawa anauimba njiani huku anainua magogo ya watu:

Mimi hodari, juu!
Mimi mchapakazi, juu!
Msumeno twende, ubao juu!

Sasa nawaona wale mliowahi kumshikia seremala ubao, mshaanza kucheka. Nyamazeni, msiwaharibie wenzenu.

Siku ya soko ikafika. Foleni ilikuwa ndefu, mpaka Ngiri alipotokea na tai yake. Kicheche akakumbuka mama yake anaumwa. Kindi naye akakumbuka mama yake Kicheche anaumwa. Wakaondoka wote, wakabaki Ngiri na Sange. Sange hakuwa kwenye foleni, la hasha. Alikuja kumbebea kaka mkubwa mfuko.

"Shikamoo Fundi!" Ngiri akanguruma.

"Marahaba. Jina lako?"

"Mimi ni mchapakazi, mbunifu, ninayejituma bila kusimamiwa!"

"Nimekuuliza jina."

"Udhaifu wangu, nafanya kazi kupita kiasi!"

Kigogota akakuna kishungi. Akamtazama Sange, kama anayeuliza, huyu ni mzima? Sange akatazama angani, kulikuwa na mawingu mazuri.

"Haya," akasema fundi. "Huu ni ubao wa mvule, mlango wa mteja. Nishikie upande huo, nikate."

Ngiri akatema mate mikononi. Kigogota akaweka msumeno. Kwaru, kwaru, kwaru. Ngiri akanyanyua kidogo. Kwaru, kwaru. Akanyanyua zaidi. Kwaru... kwiii!

Kwa nyinyi ambao hamjawahi kumshikia seremala: ubao ukinyanyuliwa upande unaoning'inia, pale unapokatwa panajifunga, panauma msumeno kama mdomo. Hauendi mbele, haurudi nyuma.

"Shusha!" akasema Kigogota.

"Juu!" akasema Ngiri.

"Shusha, nakwambia!"

"Mimi hodari, juu!"

"Wewe! Unabana!"

"Mimi mchapakazi, juu! Msumeno twende..."

Tang!

Msumeno ukakatika. Kipande kimoja mkononi mwa fundi, kingine kimesimama ndani ya ubao. Ngiri akatabasamu, meno yote nje.

"Umeona nguvu, Fundi? Chakula saa ngapi?"

Ule msumeno Kigogota aliachiwa na babu yake. Akakichomoa kile kipande ubaoni, akavilaza vyote viwili mezani. Akaenda ukutani, akatungua msumeno wa pili, mdogo. Mteja alikuwa njiani.

"Nani mwingine yupo?"

"Hakuna, Fundi," akasema Sange. "Mimi sikuja kusailiwa. Nimemsindikiza kaka."

"Sijakuuliza ulichojia. Nishikie ubao."

Ngiri akaangua kicheko. Sange na ubao wa mvule! Ubao ungemfunika yeye na ukoo wake wote. Lakini Sange hakuugusa. Alitafuta kwenye vipande vya mbao, akavuta kigogo, akakisukuma chini ya ule upande unaoning'inia. Kifupi. Akaongeza kibao juu yake. Sawasawa. Ndipo akaweka vidole vyake ubavuni mwa ubao, taratibu, ili ubao usicheze.

Kwaru, kwaru, kwaru. Kwaru, kwaru, kwaru. Pu. Ubao ukakatika, kipande kikatulia juu ya kigogo, hakikupasuka hata unyuzi.

Kigogota akapitisha ubawa penye mkato.

"Jina lako?"

"Sange."

"Sange, fagio lipo nyuma ya mlango."

Basi. Usaili umekwisha. Sange akalishika fagio, na machozi yakamtoka palepale, bila aibu.

Hapo ndipo Ngiri alipoelewa. Kwake jambo huwa linatoka mbali.

"Nguu! Sange! Umenidanganya!" Akainamisha pembe zake za mdomoni, akamrukia.

"Nimekudanganya wapi, kaka mkubwa?" Sange akauliza kutoka chini ya meza ya fundi. "Si ulitaka aone nguvu? Ameona."

Naye Kigogota akashuka juu ya uso wa Ngiri. "Mwanagenzi wangu?" Go! "Karakanani kwangu?" Go! "Na msumeno wa babu?" Go! go! go! Kila alipogonga pakavimba, na yale manundu Ngiri anayo usoni hadi leo, hakuna mganga aliyeyaweza.

Akaanguka kwa magoti ya mbele. Angekimbia, lakini saa hiyo mke wa fundi akafunua chungu cha kunde, na harufu ikamfikia.

"Nisamehe, Fundi," akalia. "Nisamehe. Na chakula je?"

Mke wa fundi ana huruma, akamtupia ukoko. Ngiri akaula hapohapo, amepiga magoti. Mpaka leo ndivyo anavyokula, mkimkuta malishoni mtamwona. Wengine wanasema ni adabu.

Na Sange akala kunde, akashiba. Sahani yake akaimaliza mwenyewe, na hakuna aliyemwambia leta.

Funzo la ngano hii, watoto wangu, ni hili: mwenye nguvu akija kukuomba msaada, usimnyime. Msaidie kwa moyo wako wote, kama Sange alivyomsaidia jirani yake. Na mkienda kusailiwa msisahau tai.

Ngano yangu naikatia hapa. Ikiwanogea, kawasimulieni wa kwenu. Ikiwachukiza, mkamshtakie Ngiri, ila msubiri kwanza ainuke.