Kiganja cha Mzee Majura

Sogeeni, na anayejiona hodari wa kukata kesi asikae mbali, maana hii haijakatwa mpaka leo.

Huko Ukerewe alikuwapo Mzee Majura, mwenye mtumbwi mmoja wa mbao na watoto watatu. Bwire alijaliwa mikono ya subira. Hata ubao wenye fundo aliulainisha. Mafuru alijua vanishi, na kila tabaka aliijua saa yake ya kukauka. Nyangeta, binti pekee, alijaliwa jicho la rangi. Ndiye pia aliyerudi nyumbani ameachika, hana shamba wala biashara, akawa anamwongoza baba yao kila aendako tangu macho ya mzee yalipoingia giza.

Siku moja mzee akasema, "Mtumbwi wangu unaoza, na fundi simtaki. Utengenezeni wenyewe, urudi kama siku nilipoushusha ziwani. Nitampa mmoja wenu, maana chombo cha watatu hufia ufukweni. Ijumaa alasiri nakuja kuukagua."

Bwire akakwangua rangi kuukuu, akapiga msasa ubavu wote wa nje mpaka vidole vikatoka damu. Bila yeye, rangi mpya ingebanduka kwa mvua ya kwanza.

Mafuru akapaka vanishi ndani na kwenye mbao za kukalia, tabaka tatu, huku akikohoa kwa harufu. Bila yeye, mbao zingekunywa maji.

Nyangeta akangoja. Bwire hakumwachia ule ubavu hadi Alhamisi usiku. Ijumaa alfajiri Nyangeta akaanzia nyuma, akapaka buluu, ileile iliyokuwapo mama yao alipoletwa na mtumbwi huo kuolewa. Kopo la rangi hiyo alikuwa amelitafuta Mwanza nzima. Bila yeye, jua lingepasua mbao.

"Jamani, si ule mtumbwi wa harusi ya mama yenu?" jirani akashangaa. Nyangeta akajifuta machozi kwa kiwiko, akamalizia mbele.

Mzee akaja, ameshikwa mkono na Nyangeta huyohuyo. Akapapasa nyuma, palipokwisha kukauka. "Laini! Bwire, mwanangu!" Akainama ndani, akanusa. "Vanishi hiyo! Mafuru, umenitoa aibu." Akasogea mbele, akaweka kiganja. Kikanata.

"Nani kaniachia rangi mbichi? Kazi ya mvivu hii!"

"Ni mimi, baba. Ni buluu, ileile ya..."

"Buluu naionea wapi mimi? Wenzako wamefanya kazi. Wewe umefanya nini?"

Bwire alijua kwa nini rangi haikuwahi kukauka. Akaangalia miguu yake. Hata mimi ninayesimulia, pale pananiuma.

Mzee akajifuta kiganja kwenye shati. "Nimechoka. Waulizeni watu. Watakayemtaja ndiye."

Basi kesi imefika kwenu. Mtumbwi ungali juu ya magogo, na vidole vitano vya mzee vimekaukia kwenye buluu. Bwire anasema msasa ndio msingi. Mafuru anasema chombo huozea ndani. Nyangeta yuko jikoni, anamkorogea baba yake uji.

Haya, semeni ninyi wenye macho: mtumbwi ni wa nani?